Sentensi ya kwanza ya hadithi: anzia mambo yalipokwenda kombo

Rasimu nyingi za hadithi fupi ninazoletewa huamka na jua: "Ilikuwa asubuhi na mapema, ndege wakiimba, Mwanaisha alipoamka akiwa na mawazo tele." Siwacheki, hata mimi niliandika hivyo miaka mingi.

Hatua ya 1: Andika hadithi mpaka mwisho. Sentensi ya kwanza iache ilivyo, usiigombanie.

Hatua ya 2: Rudi utafute mahali mambo yalipoanza kwenda kombo. Mara nyingi ni aya ya tatu. Kwenye rasimu hii, Mwanaisha anafungua mlango na kukuta viatu vya mumewe, naye mume amekwisha kuzikwa. Futa yote yaliyotangulia, ndege na jua lao.

Hatua ya 3: Pima neno mojamoja. Hapa ndipo kazi ilipo. Nilianza na "Mwanaisha alikuta viatu vya marehemu mumewe mlangoni." Si mbaya, ila hilo "marehemu" linasikika kama tangazo la kifo redioni. Nikajaribu tena:

"Mwezi wa tatu wa eda ya kufiwa, Mwanaisha alikuta viatu vya mumewe mlangoni, vimelowa."

"Eda ya kufiwa" peke yake imemzika mume, imemweka mke ndani miezi minne na siku kumi, na imetuonyesha kuwa nyumba ni ya Waislamu. Halafu "vimelowa". Ukiandika "vilivyolowa" unaeleza ni viatu vipi. Ukisema "vimelowa" maji bado yanachuruzika. Nimeliweka mwisho kusudi.

Hatua ya 4: Msomee mtu kwa sauti, kisha nyamaza. Akisema "Enhe?", imemshika. Akisema "nzuri", rudi mezani.

MASWALI

Swali: "Hapo zamani za kale" imepitwa na wakati?
Jibu: Kwenye ngano imekaa mahali pake. Ila anayesema "Paukwa!" ana watu wa kumjibu "Pakawa!", karatasi haijibu.

Swali: Naweza kuanza na mazungumzo?
Jibu: Waweza, ila si "Hodi!" Kila nyumba ina hodi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu wengi hawajui eda. Niweke "siku ya tatu ya matanga"?
Jibu: Marahaba. Hapo umebadili hadithi. Matangani viatu vimejaa mlangoni, nani atashtushwa na jozi moja iliyolowa? Weka "Miezi mitatu baada ya mazishi". Utampoteza yule mke asiyetoka nje, basi mrudishe kwenye sentensi ya pili.