Jinsi ya Kupanga Orodha ya Wabunge wa Mji Mdogo wa Uingereza: Mfano wa Calne, 1295 hadi 1885

Calne ni mji mdogo katika kaunti ya Wiltshire. Ulianza kupeleka wabunge Westminster, yaani bungeni London, mwaka 1295, wawili kwa wakati mmoja. Sheria ya mageuzi ya 1832 ikauachia mmoja, na mwaka 1885 kiti chenyewe kikafutwa. Tunautumia hapa kwa sababu karibu kila mtego wa kazi hii umo ndani yake. Ukishauweza huu, miji mingine ya aina hii kama Old Sarum au Appleby haitakusumbua.

1. Safu za jedwali

Mstari mmoja ni mtu mmoja kuchaguliwa mara moja. Safu nane zinatosha: bunge, kiti (A au B), jina, cheo, tarehe ya kuchaguliwa, tarehe ya kuondoka, sababu ya kuondoka, chanzo. A na B ni alama zako tu, kisheria viti vyote viwili vilikuwa sawa. Lakini bila hizo hutajua nani kamrithi nani baada ya uchaguzi mdogo, na kwa aliyezoea jimbo moja mbunge mmoja, hapa ndipo pa kupotelea.

Usiunganishe visanduku ili jedwali lipendeze. Ukiviunganisha, hutaweza kulipanga upya.

Safu ya chama iache hadi mwisho, na kabla ya 1832 ni bora isiwepo kabisa. Kura za Calne zilikuwa mikononi mwa watu wachache wa halmashauri ya mji, na katika nusu ya pili ya karne ya 18 aliyewaongoza alikuwa bwana wa Bowood, jumba lililo nje kidogo ya mji. Kumwandikia mbunge wa namna hiyo jina la chama, kama "Whig", bila maelezo ni kumdanganya msomaji.

2. Mifupa kwanza, majina baadaye

Orodhesha mabunge yote ya Uingereza kwa tarehe ya kufunguliwa na ya kuvunjwa kabla ya kuandika jina hata moja. Usitumie mwaka peke yake kama kitambulisho: 1640 ina mabunge mawili, 1679 uchaguzi mkuu ulifanyika mara mbili, na 1701 vilevile. Andika 1640a, 1640b.

Mistari mitupu iache ionekane. Bunge la 1653 halikuwa na wabunge wa miji midogo. Katika mabunge ya 1654 na 1656, Oliver Cromwell alipotawala mahali pa mfalme, viti vya Wiltshire vilikwenda kwa kaunti yenyewe, Salisbury, Marlborough na Devizes, na Calne haukupata kitu. Mwaka 1659 utaratibu wa zamani ukarudi. Kwa Zama za Kati, hati nyingi za matokeo zimepotea, na zilizobaki ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza chini ya namba C 219. Pasipo na hati andika "hati haipo", usiandike "hakuna mbunge". Ni mambo mawili tofauti.

3. Tarehe

Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza, programu. Excel haitambui tarehe yoyote iliyo kabla ya 1900. Ukiandika 18/02/1735 inaichukua kama maneno tu, na ukipanga jedwali, tarehe zinajipanga kwa siku badala ya mwaka. LibreOffice Calc inazitambua, lakini inahama kutoka kalenda ya zamani (ya Julius) kwenda mpya (ya Gregory) kuanzia Oktoba 1582, ilhali Uingereza ilihama Septemba 1752, siku ya tarehe 2 ilipofuatwa na tarehe 14. Ukihesabu siku kutoka tarehe ya Uingereza iliyo kati ya miaka hiyo hadi tarehe ya baada ya Septemba 1752, hesabu itapotoka kwa siku 10, au 11 kwa tarehe za kuanzia mwisho wa Februari 1700. Dawa ni moja kwa programu zote: kabla ya kuandika chochote, ifanye safu nzima kuwa ya maandishi, kisha andika mwaka-mwezi-siku, yaani 1735-02-18. Maandishi ya namna hii hujipanga yenyewe sawasawa. Usibadilishe baada ya kubandika data, utakuwa umechelewa.

Pili, mwaka wenyewe. Hadi 1751, mwaka wa kisheria Uingereza ulianza Machi 25. Tarehe yoyote kati ya Januari 1 na Machi 24 kwenye hati ya zamani inabeba mwaka wa nyuma, kwa hiyo unaongeza mmoja. Shida ni kwamba wahariri wengi wa sasa wameshaongeza, na ukiongeza tena umeharibu. Ukiona "1734/5" una bahati, chukua 1735. Ukiona "Februari 1734" pekee, ipime na mifupa ya hatua ya 2. William Pitt mkubwa aliingia bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Old Sarum, Februari 1735. Ukimwandikia Februari 1734, anatokea kabla ya uchaguzi mkuu wa 1734, ndani ya bunge ambalo hakuwahi kuwamo. Kila tarehe ya Januari hadi Machi ipite kwenye kipimo hiki, moja moja. Na kumbuka Scotland ilishaanza mwaka Januari 1 tangu 1600, kwa hiyo barua iliyotoka huko usiiongezee.

Tatu, miaka ya utawala. Hati nyingi hazitaji mwaka wa kawaida, zinataja mwaka wa mfalme. "13 Eliz." inaanza Novemba 17, 1570, siku Malkia Elizabeth wa Kwanza alipotimiza miaka 12 kwenye kiti, na inaishia Novemba 16, 1571. Mfalme Charles II ndiye anayewaponza wengi: alirejea 1660, lakini miaka yake inahesabiwa tangu baba yake alipouawa Januari 1649. Bunge lililofunguliwa Mei 1661 ni la mwaka wake wa 13, si wa pili.

4. Majina na vyeo

Mtoto mkubwa wa kiume wa lodi wa ngazi za juu (duke, marquess au earl) hutumia cheo kidogo cha baba yake kwa heshima tu, na bado anaweza kukaa Baraza la Makabwela. Calne baada ya 1832 una Earl wa Kerry, kisha mdogo wake, Earl wa Shelburne. Huyu wa pili si yule Shelburne aliyekuwa waziri mkuu 1782, huyo ni babu yake. Baba yao naye aliuwakilisha Calne kuanzia 1802 hadi 1806 kwa jina la Lord Henry Petty. Andika jina la kuzaliwa kwenye safu ya jina, na cheo *cha siku ile* kwenye safu ya cheo.

5. Sababu za kuondoka

Tumia maneno machache yasiyobadilika. Kifo. Kupandishwa Baraza la Malodi, kama John Dunning mwaka 1782. Kupewa kazi ya serikali: James Abercromby alipopewa ujaji Scotland mwaka 1830, kiti chake kikachukuliwa na Thomas Macaulay. Kuchagua kiti kingine: 1624, John Pym, aliyekuwa mbunge wa Calne 1621, alichaguliwa Chippenham na Tavistock kwa pamoja akabaki na Tavistock. Na matokeo kubatilishwa.

Kujiuzulu hakukuruhusiwa. Ndiyo maana kuanzia 1751 mtu anayetaka kutoka hupewa usimamizi wa Chiltern Hundreds, kazi ya jina tu inayomvua ubunge. Tena, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 18 mbunge aliyepewa uwaziri alilazimika kugombea upya, kwa hiyo jina lile lile kutokea mara mbili ndani ya bunge moja si lazima liwe kosa. Usilifute kabla ya kuangalia.

6. Ukaguzi

Panga kwa kiti, kisha tarehe. Kuondoka kwa mmoja kutangulie kuingia kwa mwingine. Kipande cha 1832 hadi 1885 kitoe watu sita: Kerry, Fox-Strangways (1836), Shelburne (1837), Fenwick Williams (1856), Robert Lowe (1859) na Edmond Fitzmaurice (1868). Ukipata saba, tafuta kwanza aliyeandikwa kwa cheo mahali pamoja na kwa jina la ukoo mahali pengine.