Kagua simu janja ya biashara kabla hujatoa hela

Simu ya kupokelea malipo na oda, iwe ya genge la samaki Mtwara au duka la rejareja Lindi mjini, usiianzie kwenye kamera. Bonyeza *#06#. Linganisha namba za IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, na zilizo kwenye boksi, kisha tuma mojawapo kwa SMS kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoishika, iache hapo hapo.

Kwa simu ya mtumba, tundu la chaji ndilo la kuangaliwa sana, maana hewa ya chumvi ya pwani haina huruma. Mulika kwa tochi: ukijani kwenye vile vidude vya shaba ni kutu. Chomeka chaji dakika 10, gusagusa waya taratibu. Ikikatika hata kwa waya mzima, huenda tundu limekufa. Halafu muuzaji aondoe akaunti yake ya Google kwenye mipangilio mbele yako, ndipo simu ifutwe. Ikifutwa kabla, inaweza kukudai nywila yake na usiweze kuitumia.

RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 4, hifadhi GB 64, betri mAh 5,000. Chini ya hapo picha za wateja za WhatsApp zitaijaza upesi na simu itaanza kukwama.

Laini mbili ni lazima. Ila angalia trei: nyingine, ukiweka memori kadi, laini ya pili haina pa kukaa.

Mwisho toka nayo juani saa sita mchana, ufungue SMS. Usipoisoma vizuri, utatoa mzigo kwa muamala usioingia.