Tairi za spoti zenye thamani ya pesa yako hapa Zanzibar: ninavyochagua mimi, hatua kwa hatua

Nafunga tairi, ndo kazi yangu, na gari yangu mwenyewe ni Subaru Impreza, kwa hiyo haya ninayoandika yametoka kwenye mikono yangu na kwenye mfuko wangu. Masika ikikaribia tu watu wanaanza kuniuliza suali moja, tairi gani ya spoti nzuri lakini isiniue kwa bei, na mimi jibu langu ni lile lile, usianze na jina wala bei, anza na mpira wenyewe na tarehe yake. Spoti kwa hapa kwetu si kukimbia 200, barabara hiyo hatuna. Spoti ni gari isimame pale unapotaka isimame mvua ikiwa inapiga na lami inang'aa kama kioo, na ukiwa unashuka vilima vya Pemba, Chake kwenda Wete, kona baada ya kona, mkia usitoke.

Hatua ya 1. Soma gari kabla ya kusoma tairi

Fungua mlango wa dereva utizame kwenye nguzo ya mlango, pale pana stika ina saizi ya tairi na upepo. Gari zetu nyingi zimetoka Japani kwa hiyo upepo umeandikwa kwa kPa, 220 ni sawa na psi 32, 230 ni psi 33. Stika ikiwa imebanduka usinakili tu saizi iliyovaa gari sasa hivi, maana pengine aliyekuwa nayo kabla yako alifunga alichokipata.

Yangu ni 205/55R16 91V. 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 55 ni urefu wa ubavu, yani asilimia 55 ya ule upana, R ni radial, namna nyuzi zilivyolazwa ndani, 16 ni inchi za rimu. Halafu 91 ni uzito, tairi moja inabeba kilo 615, na V ni spidi, mwisho kilomita 240 kwa saa. H ni 210, T ni 190, W ni 270. Mtu ataniambia mie sifiki hata 100 hiyo V ya nini, lakini ile herufi inakueleza pia tairi inavyostahamili joto, na sisi joto tunalo, Januari na Februari lami ukiweka mkono unautoa mwenyewe. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye stika, kupanda juu hakuna tabu.

Hatua ya 2. Jiulize unapita wapi

Hapa vijana wengi ndo wanapopotea. Wanataka rimu 17 au 18 na tairi nyembamba ubavu, gari inapendeza kweli, sikatai, lakini nyumbani kwake anaingilia njia ya maweni, yale mawe ya matumbawe yenye ncha, na tairi ya ubavu mfupi ikiingia kwenye shimo pale rimu inaubana ubavu na jiwe, unatoka nundu. Tairi yenye nundu ubavuni haizibwi wala haitengenezwi, nyuzi za ndani zimeshakatika, ni kutupa. Kama kazi yako ni mjini na njia kubwa za lami peke yake sawa, panda inchi moja, lakini piga hesabu kipenyo kisiharibike. Mfano wangu, 205/55R16 inatoa milimita 632 hivi kutoka chini mpaka juu, na 215/45R17 inatoa 625, tofauti kama asilimia moja, hiyo inakubalika, spidomita haitokudanganya sana na tairi haitogusa fenda. Ikipita asilimia tatu achana nayo.

Na upana pia, watu wanadhani tairi pana ndo inashika zaidi, ni kweli lami ikiwa kavu, lakini kwenye maji tairi pana inaelea mapema kuliko nyembamba kwa sababu ina maji mengi zaidi ya kuyasukuma. Kwa mvua zetu mimi sipandi zaidi ya milimita 10.

Hatua ya 3. Kimbia tairi za theluji

Hii naomba uisome polepole. Tairi za mtumba zinazokuja kutoka Japani ndani yake mna nyingi za baridi, kule wana theluji wanabadilisha tairi kila msimu, na zile za theluji zinatoka na kashata, yani yale meno ya mpira yanayogusa lami, nene bado, nzuri kwa macho, ndo maana zinanunuliwa haraka. Tizama ubavuni, ikiandikwa STUDLESS ni hiyo, ukiona alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake theluji kama nyota na kashata imechanjwa chanjwa mistari myembamba ya kupindapinda kila kipande, ni hiyo, na majina kama Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx au X-Ice yote ni ya theluji. Ni tairi nzuri sana kwao. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini hata nje kukiwa chini ya nyuzi joto 7, sasa ukauleta Unguja kwenye nyuzi 30 na kitu unakuwa kama ubani ulotafunwa, vile vipande vya kashata vinayumba, breki inakwenda mbali na tairi inaisha huku unaitizama.

Mimi yamenikuta. Kabla sijaijua kazi hii vizuri niliuziwa nne, kashata milimita 7, bei ya kutupa, nikafurahi. Siku moja natoka Nungwi nishapita Mahonda naja mjini, mvua ya Masika imeanza muda mfupi tu, ile mvua ya mwanzo inayochanganyika na mafuta na vumbi la lami, mbele yangu daladala ikasimama kushusha, nikakanyaga breki kwa spidi ya kawaida kabisa, na gari ikaendelea kwenda, nasikia mguuni pedeli inatetemeka na gari inateleza taratibu kama inasukumwa na mtu, nikaipeleka majanini. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu pale. Niliposhuka nikabonyeza kashata kwa kucha, ukucha ukazama ukaacha alama. Tangu siku ile mteja akija na STUDLESS namwambia ukweli kabla sijatoa jeki, hata kama atakwenda kufunga kwa mwengine.

Kwa hiyo dukani fanya hivyo hivyo, bonyeza kwa ukucha. Tairi ya joto inarudisha ukucha wako, inakataa.

Hatua ya 4. Tarehe

Ubavuni tafuta herufi DOT, mwisho wake mna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi zile nne zipo upande mmoja tu wa tairi, ukiona DOT haina tarakimu nne geuza tairi utizame upande wa pili, na gari ikiwa imeshafungwa na upande huo umeelekea ndani ingia chini na tochi. Ukikuta tarakimu tatu tu hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, usiiguse.

Muuzaji atakwambia, "Mpya hiyo kaka, haijagusa lami." Mjibu kwa adabu tu, "Naamini sheikh wangu, naomba nione tarehe." Maana mpira unazeeka hata ukiwa umekaa, na ukikaa nje ya duka juani miaka miwili unazeeka haraka zaidi, unakauka, unapasuka mistari midogo midogo kwenye mifereji na ubavuni, na mpira mkavu haushiki maji hata kashata ikiwa kamili. Watengenezaji wakubwa wanasema tairi ikipita miaka mitano ikaguliwe kila mwaka na ikifika kumi itoke hata kama inaonekana nzima. Kwa jua letu mimi nasema sita inatosha. Ya dukani nanunua ikiwa na mwaka mmoja au miwili tangu kutengenezwa, ikifika mitatu naomba bei ishuke, na ikiwa ilikaa nje juani siitaki kwa bei yoyote.

Hatua ya 5. Namba za ubavuni

Tairi nyingi mpya zina maandishi ya kipimo cha Marekani, TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Ya kwanza ni kuisha kwake, 200 mpira laini unashika sana lakini unaisha, 500 inakaa sana lakini kwa kawaida haishiki kama laini. Usilinganishe kwa ukali kampuni moja na nyengine maana kila kampuni inajipimia yenyewe. Ya pili ni breki kwenye maji, AA ndo juu kisha A, B, C, na ni breki ya kunyooka tu, kona haimo. Ya tatu ni joto, A ndo bora. Kwa spoti ya matumizi ya kila siku hapa mimi natafuta 280 mpaka 400, traction AA ikikosekana A, temperature A basi, hapo sina mjadala. Ikiwa ina lebo ya karatasi ya Ulaya tizama ile picha ya wingu la mvua, A au B chukua.

Majina sasa. Potenza ya Bridgestone, Pilot Sport ya Michelin, Advan ya Yokohama, hizo kila mtu anazijua na bei zake zinajulikana. Lakini baina ya hizo na zile za bei ya chini kabisa mna safu ya katikati, Hankook, Kumho, Nexen, Toyo, hapo ndo thamani inapokaa kwa mtu wa kawaida, kwa sababu mpira wake wa mvua ni mzuri na bei inavumilika. Mimi bora nifunge ya katikati iliyotoka mwaka jana kuliko ya jina kubwa ya miaka saba.

Hatua ya 6. Mpya au mtumba, piga hesabu

Tuseme mpya laki mbili inakwenda kilomita 50,000, hiyo ni shilingi 4 kwa kilomita. Mtumba elfu 90 ikienda 12,000 ni shilingi 7 na nusu. Weka na ufundi wa kufunga mara nne. Ndo hesabu yenyewe.

Kama mfuko haukubali kabisa, na najua hali zilivyo, chukua mtumba lakini isiwe imeshafungwa kwenye rimu, utie mkono ndani upapase ubavu wote, kiraka, mkunjo, unga mweusi wa mpira uliosagika, ukikuta kimoja wacha, unga ule maana yake ilitembezwa bila upepo. Kashata isiwe chini ya milimita 5. Vile vivimbe vidogo ndani ya mifereji vina kimo cha milimita 1.6, hapo tairi imekwisha kabisa, lakini kwa mvua ikifika 3 mie natoa.

Hatua ya 7. Nne au mbili

Subaru na gari zote za kuvuta miguu minne muda wote funga nne za aina moja, kashata zikitofautiana mzunguko unatofautiana na defu, ile gia inayogawa nguvu kwenye magurudumu, inafanya kazi pasi na kupumzika mpaka inakufa. Gari ya kuvuta mbele kama IST au Vitz ukinunua mbili tu, mpya ziende nyuma. Najua watu wanabisha hapa kila siku, lakini mbele ikiteleza unahisi kwenye usukani na ukiachia mafuta inarudi, nyuma ikiteleza gari imeshageuka.

Hatua ya 8. Siku ya kufunga

Simama pale pale. Tairi yenye mshale ROTATION ifuate mshale, iliyoandikwa OUTSIDE maandishi hayo yawe nje. Kidoa cha njano kikiwepo kikae karibu na vavu, hapo ndo tairi ilipo nyepesi, na balansi haitohitaji risasi nyingi, vile vipande vya uzito vinavyowekwa kwenye rimu. Vavu mpya nne, ni pesa ndogo. Halafu alaimenti, na kabla yake bushi na shokapu zitizamwe, maana bushi ikiwa imekufa tairi ya laki mbili itakwisha ukingo mmoja ndani ya miezi mitatu na lawama utaipa tairi.

Kilomita mia mbili za mwanzo nenda taratibu, juu pana utelezi wa kiwandani. Zikipita kama mia ya kwanza kaza nati tena, na upepo upime asubuhi kabla gari haijatembea, kwa geji yako mwenyewe, kila baada ya wiki mbili, na spea usiisahau.