Mwenye nyumba Marekani akikudai bima ya mpangaji

Aliyezoea kulipa kodi na amana kisha akakabidhiwa ufunguo hushtuka kukuta kipengele cha bima kwenye mkataba wa nyumba Marekani. Kwa kawaida si utapeli: majimbo mengi yanamruhusu mwenye nyumba kudai bima, mradi imeandikwa mkatabani. Oregon imeweka kinga kwa wenye kipato kidogo: kaya inayopata nusu ya kipato cha kati cha eneo lake, au chini ya hapo, haiwezi kulazimishwa.

Anachokitaka hasa mwenye nyumba ni sehemu ya dhima, yaani ile inayolipia hasara unayowasababishia wengine. Mafuta ya maandazi yakishika moto na moshi ukaharibu nyumba ya jirani, kampuni yako ya bima ndiyo ibebe gharama, mara nyingi hadi dola 100,000. Bima ya jengo anayolipa yeye haihusiani kabisa na kochi lako, nguo wala kompyuta yako.

Kwa hiyo kuwa macho ukiambiwa, "Usihangaike, tutakukata dola kadhaa juu ya kodi." Mara nyingi mpango huo unamlinda yeye peke yake. Nyumba ikiungua, yeye atalipwa, wewe utaanza upya na watoto mkononi. Uliza kwa maandishi kama vitu vyako vimo. Kama havimo, nunua bima yako mwenyewe. Nyingi hupatikana kwa dola 10 hadi 20 kwa mwezi.

Kabla hujalipa, uliza kama utafidiwa bei ya kitu kipya au thamani ya kitu kilichochakaa. Tofauti yake ni kubwa. Uliza pia kuhusu dhahabu, maana mama zetu husafiri na seti za harusi: ikiibwa, bima nyingi huishia kwenye dola 1,500 hivi, na fedha taslimu dola 200 hivi. Pesa za chama usizilaze kabatini. Mafuriko na tetemeko kwa kawaida havimo. Rafiki mnayeishi naye naye hayumo, mpaka jina lake liandikwe au awe na bima yake.

Piga video ya kila chumba, fungua na makabati, uitunze nje ya simu. Jina la mwenye nyumba liwekwe kwenye bima yako kama mtu wa kuarifiwa tu, na uthibitisho wa bima umfikie kabla ya siku ya ufunguo. Ukiacha bima ikatike, mikataba mingi inamruhusu kukuwekea ya kwake na kukutoza.