Simu ya mzee ikae kwa mzee

Kwa wenye bibi au babu kwenye makao ya wazee hapa Moshi: siku ya kumpeleka, andika kwenye orodha ya vitu vyake “simu na chaja, zinakaa kwake, si ofisini”. Msimamizi asaini, nawe ubaki na nakala. Zamu zikibadilika, mhudumu mpya hana sababu ya kuifungia kabatini. Tena ni haki yake: Katiba ya 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Chaja ibandike plasta yenye jina, hizo hupotea upesi mno. Karatasi haitasaidia kama mzee anasahau na kumtajia kila mtu namba ya siri. Hapo mwekee laini isiyo na pesa, lakini simu abaki nayo.