Namna ya Kula kwa Mpishi wa Mtaani Anayebuni Vyakula Vyake

Siku hizi mitaani Dar es Salaam utakuta migahawa midogo, yenye meza sita au saba, ambayo mpishi wake ndiye mwenye mali, na ambayo orodha ya vyakula huandikwa kwa chaki ubaoni kila asubuhi kwa sababu ya jana imekwisha kufutwa. Hapo utakuta biringanya la kupaka mahali pa samaki, mishikaki ya pweza iliyolazwa juu ya achari ya embe, au ugali wa muhogo uliokatwa vipande na kukaangwa. Mteja aliyezoea wali maharage wa mama lishe anaweza kutoka hapo amenuna, na mara nyingi kosa halikuwa la chakula bali la namna alivyokiagiza na alivyokila.

Kwanza chagua siku. Mpishi wa aina hii hupika alichokipata, na katika mji wa pwani alichokipata huamuliwa na upepo na mwezi. Kusi inapovuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, bahari huchafuka, vyombo vidogo hushindwa kutoka, na samaki katika mnada wa asubuhi pale Feri, Kivukoni, huwa wachache na wa bei ya juu. Msimu huo ni busara kuegemea mboga, mbaazi na nyama. Pweza naye ana kalenda yake. Wakati wa bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana, miamba hubaki wazi, na wavuvi, wengi wao wanawake, huenda kwa miguu kumchokoa katika mashimo yake. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, pweza wa namna hiyo huadimika, na anayeuzwa mara nyingi ametoka kwenye barafu. Sisemi kwamba wa barafu ni mbaya, kwani barafu humlainisha na kumwokolea mpishi kazi ya kumtwanga, lakini ladha ya bahari hupungua. Kwa hiyo mpishi anayeniambia waziwazi kwamba pweza leo hakuna, nile mbaazi, huyo nampa imani yangu yote.

Fika mapema. Saa sita na nusu mchana ubao bado umejaa. Saa nane utakuta nusu ya maandishi yamepigwa mstari. Siku ya Ijumaa kumbuka kwamba baadhi ya sehemu husimamisha huduma wakati wa sala, na ukifika dakika kumi kabla utakuwa umewatia watu katika dhiki bila sababu.

Ukishakaa, usimuulize mhudumu chakula gani ni kizuri, kwa maana atajibu kwamba vyote ni vizuri, na hana jibu jingine analoweza kulitoa mbele ya bosi wake. Muulize hivi: “Dada, kipya leo ni kipi, na kimetokana na nini?” Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye kazi. Chakula kipya chenye maana huwa na asili inayojulikana, nawe utakipima kwa asili hiyo. Samaki wa kupaka, kwa mfano, huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa kasimele, yaani lile tui zito la kwanza, likiwa limepikwa na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ukwaju au ndimu, halafu hurudishwa motoni mpaka tui lishike na kuanza kuungua pembezoni. Sasa biringanya likichukua nafasi ya samaki, maswali ni mawili: je, limeonja makaa, na je, tui limeshika au linachuruzika? Likiwa limechemshwa tu na kumwagiwa tui, hilo ni biringanya la nazi, chakula chema cha siku zote, na halistahili bei ya ubunifu.

Urojo wa Unguja unafundisha jambo hilohilo. Bajia, kachori, viazi, mishikaki, chipsi za muhogo na chatini ya nazi, kila kimoja kilikuwa na maisha yake. Ubunifu ulikuwa kuvikutanisha katika mchuzi mmoja mzito wenye ukali wa ndimu na embe mbichi. Hata chipsi mayai, ambayo leo vijana wa Dar wanaiita zege na hakuna anayeishangaa, kuna siku mtu alimimina mayai juu ya chipsi kwa mara ya kwanza. Ninachokikataa ni ule ubunifu wa kumwagia kila kitu mayonezi na tomato sosi.

Mkiwa watatu, agizeni kimoja mnachokijua na viwili msivyovijua, kisha viwekwe katikati. Mnachokijua ni kipimo cha mkono wa mpishi: wali ukiwa bokoboko, msitegemee makuu kwenye vile vingine. Aliye peke yake na aombe nusu sahani, na katika migahawa ya aina hii mara nyingi hukubaliwa, kwa kuwa mpishi ana hamu ya kuona chakula chake kimeonjwa.

Sahani ikifika, onja kabla ya kuongeza chochote. Hili nalisema kwa aibu. Niliwahi kuletewa samaki aina ya changu aliyepikwa kwa embe mbichi na bizari, nami kwa mazoea tu nikakamulia ndimu nzima na kuchota pilipili ya kwenye kichupa kabla sijatia tonge mdomoni. Mpishi, mama wa makamo, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akifuta mikono kwa kanga yake. Alitazama ile ndimu, akatabasamu kidogo, akarudi ndani. Nilikula ukali juu ya ukali mpaka mwisho, na ladha ya embe siijui hadi leo. Tangu hapo ninakula matonge matatu matupu: la kwanza bila mchuzi, la pili na mchuzi, la tatu vyote pamoja. Baada ya hapo ndimu ni haki yangu.

Chakula cha nazi kiliwe kikiwa moto, kwa sababu tui likipoa mafuta huweza kujitenga, na kama umekaa unapiga picha, lawama si ya jikoni. Asiyepatana na karanga, ufuta au vyakula vya baharini atamke hivyo kabla ya kuagiza, si baada, kwani katika vyakula vipya jina halitaji kila kilichomo. Vivyo hivyo kwa anayetaka uhakika wa nyama kuwa halali.

Mwisho wa mlo mpishi akija mezani, na mara nyingi huja, usimwambie “tamu sana” ukaishia hapo. Mwambie kwamba achari ilizidi chumvi, au kwamba ugali wa kukaanga ungekuwa mkavu zaidi nje. Akiwa anaijali kazi yake atakuuliza swali la pili, na wiki ijayo utaona kilichobadilika. Unapolipa kwa simu, soma jina linalotokea kwenye lipa namba kabla ya kubonyeza namba ya siri, na udai risiti. Mishikaki ya nyama iliyobaki fungasha bila wasiwasi. Pweza wa nazi mmalize hapohapo, maana akipashwa moto mara ya pili huwa mgumu kama kandambili.