Nyumba ya mawe na lipu ya saruji haziendani

Ukikarabati nyumba ya zamani Mji Mkongwe, usikubali fundi apige lipu ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza unyevu kutoka chini na kuutoa hewani, saruji huuziba. Maji yakikosa njia hupanda juu, chumvi huganda nyuma ya lipu, lipu inavimba na kubanduka. Kibaya zaidi, vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza bila mtu kuona, na sakafu ya juu hubaki haina mashiko.

Bandua saruji taratibu kwa patasi, uache ukuta ukauke. Changanya chokaa iliyoroweshwa ikaiva, debe 1, kwa mchanga madebe 3. Mchanga wa pwani usiutie kabisa, una chumvi. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita 1, na la pili lisubiri la kwanza lishike. Kinachoharibu kazi nyingi ni haraka: lipu ikikaushwa na jua au upepo wa kaskazi hupasuka. Ifunike kwa magunia mabichi siku 5 hadi 7. Malizia kwa kupaka chokaa. Rangi ya mafuta nayo huziba.